Kubadilisha Bomba la Petroli la MGB, Kuanzia Tangi Hadi Kabureta

Petroli ya MGB, gari la kale la michezo la Uingereza, husafiri karibu urefu wote wa gari kabla ya kufika kwenye injini. Hutoka kwenye tangi lililofungwa chini ya sakafu ya buti, huvutwa na pampu ya umeme iliyo karibu na gurudumu la nyuma la kulia, kisha husukumwa ndani ya bomba jembamba linalopita uvunguni hadi mbele, ambako mipira mifupi huipokea na kuifikisha kwenye kabureta. Njia hiyo ina sehemu za chuma na sehemu za mpira, na kila moja huzeeka kwa namna yake. Chuma huliwa na kutu kutoka nje, hasa chini ya klipu ambako tope lenye unyevu hukaa bila kukauka, ilhali mpira huoza kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Katika mwongozo huu neno "bomba" litakuwa na maana ya sehemu ya chuma peke yake, na neno "mpira" litakuwa na maana ya sehemu inayonyumbuka.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya magari nusu milioni yaliundwa katika kipindi hicho. Hata yale ya mwisho kabisa yamekwisha kupita umri wa miaka 40. Nchini Uingereza umri huo una maana ya pekee, kwa kuwa tangu tarehe 20 Mei 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana hayalazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mkaguzi aliyekuwa akimulika uvunguni na kuliona bomba lililovimba kwa kutu hayupo tena, na kazi yake imebaki mikononi mwa mwenye gari.

Kuna jambo la pili linaloifanya kazi hii iwe ya lazima. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini humo ni ile iitwayo E10, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10, na serikali huwashauri wenye magari ya kale watumie E5 ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha ethanoli hakizidi asilimia 5. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli ya zamani, tena hufyonza unyevu wa hewani, na gari linaposimama miezi kadhaa unyevu huo hulila tangi na bomba kutoka ndani. Gari la kale ndilo hasa linalosimama miezi kadhaa.

Ushauri wangu ni kwamba njia nzima ibadilishwe kwa mara moja, bomba pamoja na kila kipande cha mpira, hata kile kinachoonekana kizima. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kubadilisha bomba lote na mipira ya mbele, nikauacha mpira mfupi ulio kati ya tangi na pampu kwa kuwa ulikuwa mweusi, laini na usio na ufa hata mmoja. Miezi michache baadaye injini ikaanza kukosa nguvu kila ilipopanda mlima, kisha kupona yenyewe kwenye tambarare. Nilipoupasua mpira ule kwa urefu nilikuta ngozi yake ya ndani imebanduka, na ulimi wa mpira ulikuwa ukiziba njia kila pampu ilipovuta kwa nguvu. Nje haukuonyesha dalili yoyote.

Maelezo haya yanayafaa pia magari mengine ya wakati huo yanayotumia kabureta, kama MG Midget na Triumph Spitfire, ingawa Spitfire hutumia pampu inayoendeshwa na injini yenyewe badala ya pampu ya umeme. Hayalifai hata kidogo gari la Triumph TR5 au TR6 lenye mfumo wa Lucas wa kupuliza petroli, kwa kuwa mfumo huo hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi pauni 100 kwa inchi ya mraba, ilhali pampu ya umeme ya MGB, iliyoundwa na kampuni ya SU, haifikishi hata pauni 5. Mipira na vibano vinavyotosha kwenye MGB vitapasuka kwenye gari la namna hiyo.

Hatari ya mvuke

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kutoweka, bali hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo, ndiyo maana kazi hii isifanywe kamwe juu ya shimo la gereji. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna hali ya hewa ya kawaida inayoifanya kuwa salama. Fanya kazi nje au kwenye gereji iliyofunguliwa milango yote, zima kila kifaa chenye moto au cheche, ukiwemo mtambo wa kupasha maji unaojiwasha wenyewe, na uweke kizima moto cha poda au cha povu mahali unapoweza kukifikia ukiwa umelala uvunguni. Taa ya kumulikia iwe ya betri na ya LED. Taa ya zamani yenye balbu ya kioo ikidondoka na kupasuka, waya wake wa moto unatosha kuwasha tone moja la petroli, na kwa maoni yangu taa ya aina hiyo haipaswi hata kuingia kwenye gereji siku hiyo.

Vaa miwani. Ukiwa chali chini ya bomba la zamani, petroli iliyobaki ndani yake hushuka moja kwa moja usoni, na kila anayefanya kazi hii husadiki baada ya mara ya kwanza.

Vifaa vya kununua

Bomba la kiwandani lilikuwa la chuma. Leo unaweza kupata la chuma, la shaba tupu, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao una takribani asilimia 90 ya shaba na 10 ya nikeli. Chagua huo mchanganyiko. Haushiki kutu, hupindika kwa mkono bila shida kubwa, na huvumilia mtikisiko, wakati shaba tupu huwa ngumu kadiri inavyotikiswa na hatimaye hupasuka karibu na klipu. Chuma ni kizuri na ni imara, lakini kinahitaji vifaa bora vya kupinda na kitarudi kwenye kutu kama kile cha kwanza.

Pima kipenyo cha bomba ulilonalo kabla ya kununua. Kwenye MGB utakutana zaidi na inchi 5/16, yaani milimita 8 kasoro kidogo, ambalo mpira wake una tundu la milimita 8. Baadhi ya magari madogo zaidi yana bomba la inchi 1/4, linalochukua mpira wa milimita 6. Usiamini kwamba gari la kale limebaki kama lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa katika miaka 50 mikono mingi imeshapita humo. Pima kwa kalipa, sehemu iliyosafishwa kutu na rangi.

Kwa mpira, sisitiza alama ya SAE J30 R9 iliyochapwa kwenye urefu wote wa mpira wenyewe, pamoja na jina la mtengenezaji. Mpira wa kiwango hicho una utando wa ndani unaohimili ethanoli. Ule wenye alama ya R6 ni wa kizazi cha nyuma, na ule usio na alama yoyote, hata kama muuzaji anauita mpira wa petroli, usiupokee. Mpira uliovikwa wavu wa nyuzi za chuma au za pamba huonekana wa kale na wa kupendeza, lakini wavu huo huficha nyufa, na mimi siutumii kwa sababu hiyo.

Vibano viwe vya duara kamili, vile vidogo vyenye nati na skrubu ambavyo utepe wake hauna matundu na kingo zake zimekunjwa nje. Vibano vya kawaida vya mpira wa maji, vyenye matundu kwenye utepe, huukata mpira mwembamba wa petroli na havibani sawasawa pande zote. Ongeza hapo klipu mpya za kushikilia bomba, zenye kitambaa cha mpira kwa ndani, kichujio kimoja cha petroli, washa (pete bapa za kuziba) mpya za faiba za pampu, gromati za mahali bomba linapopenya kwenye bati, kikatio cha bomba chenye gurudumu, kipindio, na kifaa cha kutanua ncha. Spana ziwe za vipimo vya inchi. Spana za milimita zinazokaribia kuenea zitazila pembe za nati laini za shaba, na ukishaliharibu umbo la nati ya pampu kazi ya saa nne itakuwa ya wiki nzima.

Kuondoa petroli

Panga kazi hii wakati tangi limekaribia kwisha. Tangi la MGB linaweza kubeba lita 45 au zaidi, na sheria ya Uingereza inaruhusu kuweka nyumbani petroli isiyozidi lita 30 bila kutoa taarifa, katika vyombo vilivyoidhinishwa: vya plastiki visizidi lita 10 kila kimoja, na vya chuma visizidi lita 20. Ndoo ya wazi si chombo cha petroli. Kumbuka pia kwamba tangi lililokwisha halijawa salama, kwani ndani yake mna mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka kwa urahisi kuliko petroli yenyewe.

Kabla ya kufungua chochote, tenganisha betri. Kwenye MGB betri ziko nyuma ya viti, chini ya kifuniko cha sakafu, na magari yaliyotengenezwa hadi 1974 yana betri mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo. Waya wa kutoa kwanza ni ule unaokwenda kwenye bodi. Hapa msomaji awe makini: magari yaliyotengenezwa hadi mwaka 1967 yaliunganishwa na bodi upande wa chanya, kinyume cha magari ya leo, kwa hiyo usiongozwe na rangi ya waya wala mazoea, bali fuata waya kwa mkono hadi uone umefungwa wapi. Ukianza na waya ule mwingine, spana yako ikigusa bati itatoa cheche, tena juu tu ya mahali utakapokuwa ukimwaga petroli.

Toa petroli kwa pampu ya mkono kupitia mdomo wa tangi, au kwa skrubu ya chini ikiwa tangi lako linayo na haijashikamana kwa kutu. Usinyonye mpira kwa mdomo, hata kwa sekunde moja. Petroli inayoingia mapafuni inaweza kuua kwa kiasi kidogo sana, na mazoea ya mafundi wengi hayabadilishi jambo hilo.

Kwa wenye Triumph ambazo tangi lake liko nyuma ya viti, juu ya usawa wa bomba, ongezeni tahadhari: mkilifungua bomba upande wa mbele, petroli itaendelea kushuka yenyewe hadi tangi liishe. Katika magari hayo tangi limwagwe lote kwanza.

Kutoa bomba la zamani

Inua gari upande wa nyuma na wa mbele, ulisimamishe juu ya stendi nne zilizowekwa kwenye sehemu imara za chesisi, kisha ulisukume kwa nguvu ukiwa umesimama kando ili uhakikishe halitikisiki. Jeki peke yake haimshikilii mtu aliye uvunguni.

Sasa chukua muda kuliangalia bomba la zamani kabla ya kuligusa, kwa kuwa hilo ndilo ramani yako. Piga picha za urefu wote, klipu kwa klipu, na uandike kwenye karatasi mahali linapopita juu na mahali linapopita chini ya vitu vingine. Uvunguni mwa MGB bomba la petroli huandamana na bomba la breki na waya mnene wa betri, na mara nyingi mtu aliyetangulia kulikarabati amelihamisha hadi mahali palipokuwa rahisi kwake. Ukikuta kipande cha mpira katikati ya safari, mahali ambapo panapaswa kuwa na bomba tupu, ujue hapo palikuwa na tobo lililotibiwa haraka. Kipande hicho kisirudi.

Anza kufungua upande wa pampu. Shika kiungo cha pampu kwa spana moja na nati ya bomba kwa spana ya pili, ili nguvu yote iishie kwenye nati na pampu isipindwe. Nati iliyoshikamana ipigwe mafuta ya kupenya jioni ya siku iliyotangulia, wala isipashwe moto kwa hali yoyote. Ikigoma, likate bomba lenyewe karibu na nati, kisha tumia spana ya ringi au soketi, kwa kuwa bomba hilo halirudi tena. Ziba mara moja kila tundu linalobaki wazi, upande wa tangi na upande wa pampu, kwa kizibo cha mpira kinachokaza.

Klipu za zamani zitakatika, na si tatizo. Jambo la kulinda ni umbo la bomba. Lishushe taratibu, watu wawili wakiweza, bila kulikunja, na ulilaze juu ya meza au sakafuni likiwa na mikunjo yake yote.

Kupinda bomba jipya

Bomba jipya huja likiwa limevingirishwa. Linyooshe kwa kulikunjua juu ya sakafu tambarare, ukibana ncha kwa mguu na kulisukuma mbele kama mkeka unaofunguliwa. Ukilivuta kutoka katikati ya mviringo litajikunja na kubonyea. Pima urefu wa bomba la zamani kwa uzi uliofuata kila kona, ongeza sentimita 20 kwa tahadhari, kisha kata kwa kikatio cha gurudumu. Msumeno hutoa unga wa chuma, na unga huo ndio adui mkubwa wa kazi hii, kwa kuwa hata chembe isiyoonekana ikifika kwenye sindano ya bakuli la kabureta itaizuia kufunga, na petroli itafurika juu ya injini. Baada ya kukata, ondoa ukali wa ndani wa tundu, puliza bomba zima kwa hewa yenye nguvu kutoka pande zote mbili, na uzibe ncha kwa utepe hadi wakati wa kufunga.

Laza bomba jipya juu ya la zamani na uanze kupinda kutoka upande wa pampu, ambako mikunjo ni mingi na nafasi ni finyu. Mikunjo mipana hupindwa kwa mkono kuzunguka kitu cha duara chenye kipenyo kinachofaa, na ile mikali hupindwa kwa kipindio. Nusu-kipenyo cha mkunjo kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, na mkunjo wowote uliobonyea ukatwe, usinyooshwe. Usimalize upande wa mbele ukiwa mezani. Uache umenyooka, uliingize bomba mahali pake, ulibane kwa klipu chache zilizolegea, kisha upinde mikunjo ya mwisho ndani ya gari lenyewe, maana hata ramani nzuri huachana na gari kwa sentimita moja au mbili.

Ikiwa ncha ya pampu yako inatumia nati, iingize nati hiyo kwenye bomba kabla ya kutanua ncha. Kosa la kuisahau hufanywa na mafundi wazoefu, na dawa yake ni kukata na kuanza upya. Kwa ncha zinazoingia kwenye mpira, usiziache laini. Tumia hatua ya kwanza ya kifaa cha kutanua kufanya tuta dogo la duara karibu na ncha, kiasi cha mpira kupita juu yake kwa shida kidogo. Tuta hilo ndilo linaloushika mpira usichomoke, na kibano hukaa nyuma yake, upande wa ndani.

Kufunga uvunguni

Lirudishe bomba kwenye njia ya kiwandani, hata pale ambapo njia nyingine inaonekana fupi zaidi. Wahandisi wa Abingdon walilipitisha mbali na ekzosi, tena mahali ambapo jeki haiwezi kulibana, na anayelihamisha hubeba mzigo wa kuyafikiria hayo upya. Weka klipu kila baada ya sentimita 30 hivi, na moja karibu na kila mkunjo. Bomba lisiguse bati tupu popote, lisiguse bomba la breki, na zaidi ya yote lisisuguane na waya mnene wa betri, ambao hauna fyuzi. Miaka ya mtikisiko hutoboa ngozi ya waya, waya hugusa bomba, na ajali ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya pili. Mahali ambapo viwili hivyo vinakaribiana, vitenganishe kwa klipu na uuvike waya ala ya plastiki ngumu.

Sasa mipira. Kata kila kipande kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, kiwe na urefu unaoacha ulegevu kidogo, kwa sababu injini hutikisika juu ya mito yake ya mpira na bodi haitikisiki. Kila ncha iingie juu ya bomba angalau milimita 25. Ukishindwa kuusukuma mpira, paka tone la petroli kwenye ncha ya bomba. Mafuta ya injini na grisi huufanya uteleze hata baada ya kufungwa. Kaza kibano hadi mpira uanze kufinywa kidogo pembeni mwa utepe, na uishie hapo.

Kichujio kiwekwe kati ya pampu na kabureta, si kati ya tangi na pampu. Pampu ya SU husukuma vizuri kuliko inavyovuta, na kichujio chembamba upande wa kuvuta huichosha. Epuka vile vya kioo. Huonekana safi na huruhusu kuona petroli, lakini viungo vyake hulegea kwa joto la injini, na kioo juu ya injini ya moto si mahali pake.

Mpangilio wa injini ya MGB unadai uangalifu wa ziada upande wa kabureta, kwa kuwa kabureta mbili za SU na bomba la ekzosi ziko upande mmoja, zikitenganishwa na bati la kukinga joto tu. Kila tone linalodondoka lina njia fupi hadi kwenye chuma cha moto. Hakikisha bati hilo lipo, na hakikisha vibomba vyembamba vya kumwagia ziada ya bakuli za kabureta vimerudishwa vikishuka hadi chini ya ekzosi. Nimeona magari yaliyopakwa rangi upya hadi kwenye skrubu huku vibomba hivyo vikiwa vimetupwa, pengine kwa sababu aliyefungua hakujua kazi yake.

Kwenye pampu, safisha nyuso za kiungo na uweke washa mpya za faiba pande zote mbili za bolti yenye tundu. Washa zilizokwisha kubanwa mara moja hazizibi tena. Angalia pia waya wa pampu unaokwenda kwenye bodi, uparuze hadi chuma king'ae, kwa kuwa pampu nyingi zinazosemekana zimekufa huwa zinakosa waya huo tu. Ukiwa bado hapo, fikiria kuongeza swichi inayokata umeme wa pampu gari linapogongwa. Magari mengi ya kale hayakuwa nayo, na pampu ya umeme huendelea kumwaga petroli baada ya mgongano maadamu ufunguo umewashwa.

Majaribio

Faida ya pampu ya umeme ni kwamba njia nzima inaweza kujaribiwa kabla injini haijazunguka hata mara moja. Tia lita 5 za petroli safi kwenye tangi na ukague kiungo cha tangi kwanza. Ondoa waya unaoleta umeme kwenye koili na ufunike ncha yake kwa utepe, kwa sababu koili ya mfumo wa platini hupata moto ufunguo ukiachwa umewashwa bila injini kuzunguka. Rudisha betri, waya wa bodi ukiwa wa mwisho.

Kabla ya kuunganisha mpira wa mwisho kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chombo cha chuma na umwombe msaidizi awashe ufunguo. Pampu ya SU itagonga haraka, petroli itakuja na mapovu mwanzoni, kisha itatoka kwa mfululizo. Angalau nusu lita ijae ndani ya dakika moja. Hatua hii hupima pampu, na papo hapo huosha bomba, maana uchafu wowote uliobaki utaishia kwenye chombo.

Unganisha mpira, washa tena, na usikilize. Kugonga huko kwa haraka kutapungua kadiri bakuli za kabureta zinavyojaa, kisha pampu itanyamaza. Ukimya huo ndio kipimo. Pampu ikiendelea kugonga mara kwa mara wakati injini haifanyi kazi, petroli inakwenda mahali fulani: ama kuna uvujaji, ama sindano ya bakuli moja haifungi. Ikigonga haraka mno bila petroli kufika mbele, inavuta hewa upande wa tangi, na hewa huingia mahali ambapo petroli haidondoki, kwa hiyo usitafute tone hapo, bali kaza na ukague viungo vyote kati ya tangi na pampu.

Wakati pampu imenyamaza na mfumo uko kwenye mgandamizo, pitia kila kiungo kwa kitambaa cheupe cha pamba au karatasi nyeupe, ukikizunguka pande zote. Petroli hukauka haraka na macho hukosa unyevu mdogo, lakini karatasi huonyesha doa na pua huthibitisha. Kiungo kinachotoa doa kifunguliwe na kuangaliwa, kisikazwe tu kwa nguvu zaidi. Subiri dakika 15, kisha pitia vyote mara ya pili.

Hapo ndipo waya wa koili urudishwe na injini iwashwe, boneti ikiwa wazi na kizima moto kikiwa karibu. Iache ipate moto kabisa, kwa kuwa mpira uliokaza ukiwa baridi hulegea kidogo ukipata joto, na ukague tena upande wa kabureta. Safari ya kwanza iwe fupi, na ukirudi lala uvunguni kabla gari halijapoa. Baada ya kilomita 100 hivi kaza vibano vyote robo ya mzunguko pale vinapokubali. Mimi huandika tarehe kwenye kipande cha utepe mweupe na kukivingirisha kwenye mpira ulio karibu na kichujio, na mipira yote huibadilisha inapotimiza miaka 5, iwe inaonekana mizima au la.